Sayari ni nini? Swali jepesi lililowagawa wanaastronomia

KWA miaka 76, mwanafunzi aliyeulizwa idadi ya sayari zinazolizunguka Jua alijibu kuwa ni tisa, na mwalimu akampa alama zake. Agosti 24, mwaka 2006, jibu hilo liligeuka kuwa kosa. Hakuna sayari iliyopasuka wala kupotea siku hiyo. Wanaastronomia, yaani wataalamu wa elimu ya nyota na sayari, walikuwa wamekusanyika mjini Prague, Jamhuri ya Czech. Wakainua kadi za njano na kupitisha azimio lililoiondoa Pluto katika orodha ya sayari.

Waliopiga kura walikuwa 424 tu, ilhali Umoja wa Kimataifa wa Astronomia, ambao ndio wenye mamlaka ya kuainisha magimba ya angani na kuyapa majina, ulikuwa na wanachama wapatao 9,000 wakati huo. Tangu siku ile mjadala haujafungwa. Wapo wanasayansi wanaoliona azimio hilo kuwa sahihi, na wapo wanaolipuuza kabisa katika maandishi yao.

Je, kwa nini iwe vigumu kiasi hicho kueleza maana ya neno ambalo kila mtoto wa shule analijua? Makala haya yanaeleza neno hilo lilikotoka, lilivyobadilika maana mara kadhaa, na mahali hasa penye ugumu.

Chanzo cha neno

Watu wa kale waliotazama anga waliona kwamba nyota nyingi hukaa katika mpangilio ule ule usiku baada ya usiku, kana kwamba zimegongomelewa. Chache hazikutulia. Zilihama taratibu kutoka kundi moja la nyota hadi jingine, na mara nyingine zilionekana kurudi nyuma. Wayunani waliziita kwa neno lenye maana ya mtangatanga, na humo ndimo lilimozaliwa neno linalotumiwa na lugha nyingi za Ulaya.

Waarabu nao walitumia neno lenye maana ya kitu kinachokwenda, ambalo Waswahili wamelirithi kuwa sayari. Katika Kiarabu cha leo neno hilo hilo ndilo jina la gari. Majina ya Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali nayo yameingia katika Kiswahili kwa njia hiyo.

Kwa maana hiyo ya kale, sayari ilitambuliwa kwa mwendo wake machoni pa mtazamaji, bila kujali imeumbwa kwa kitu gani. Ndiyo maana Wayunani walihesabu sayari saba: tano hizo tulizozitaja, pamoja na Jua na Mwezi. Dunia haikuwamo, kwa sababu iliaminika kuwa imetulia katikati ya vitu vyote.

Mwaka 1543, Nicolaus Copernicus alichapisha kitabu kilicholiweka Jua katikati. Hoja hiyo ilipokubaliwa, orodha ilipinduka. Jua likaacha kuwa sayari, Dunia ikawa sayari, na Mwezi ukabaki bila mahali pa wazi. Mwaka 1610 Galileo Galilei aligundua kwa darubini yake magimba manne yanayoizunguka Mshtarii, naye akayaita sayari. Ilichukua muda mrefu kabla ya wataalamu kukubaliana kwamba kinachoizunguka sayari kiitwe mwezi.

Ceres, sayari iliyosahauliwa

Wengi hudhani kwamba Pluto ndiyo sayari ya kwanza kuvuliwa hadhi. Sivyo. Januari 1, mwaka 1801, Giuseppe Piazzi aligundua gimba dogo kati ya Mirihi na Mshtarii akiwa Palermo, katika kisiwa cha Sicily. Likaitwa Ceres na kupokewa kwa shangwe kuwa sayari mpya, miaka 20 baada ya William Herschel kuigundua Uranusi.

Shangwe hiyo iliingia doa mapema. Mwaka 1802 likagunduliwa gimba jingine karibu na njia ile ile, Pallas. Mwaka 1804 ikafuata Juno, na mwaka 1807 Vesta. Zote zilikuwa ndogo mno. Ceres yenyewe, ambayo ndiyo kubwa kuliko nyingine, ina kipenyo cha kilomita zipatazo 940. Herschel alipendekeza ziitwe asteroidi, yaani vitu vinavyofanana na nyota, kwa kuwa katika darubini zilionekana kama nukta tu. Hata hivyo, vitabu vingi viliendelea kuziita sayari kwa miongo kadhaa.

Kilichoiondoa Ceres katika orodha ni wingi wa wenzake. Kuanzia mwaka 1845 ugunduzi uliongezeka kwa kasi, na ilipofika mwaka 1851 magimba 15 ya aina hiyo yalikuwa yamejulikana. Kama yangeendelea kuhesabiwa, idadi ya sayari ingekuwa 23 na ingezidi kupanda kila mwaka. Wataalamu wakaanza kuyaandika katika orodha yake pekee. Hapakupigwa kura wala kutolewa tangazo; desturi ilibadilika polepole, na kizazi kilichofuata hakikukumbuka kwamba Ceres ilipata kuitwa sayari.

Pluto yapanda na kushuka

Februari 18, mwaka 1930, Clyde Tombaugh, kijana aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha Lowell, Arizona, Marekani, aligundua nukta iliyosogea kati ya picha mbili za anga. Kituo hicho kilikuwa kikitafuta sayari kubwa iliyodhaniwa kuwako ng'ambo ya Neptuni, kwa hiyo kilichopatikana kilitangazwa kuwa ndicho kilichokuwa kikitafutwa. Mwanzoni Pluto ilikadiriwa kuwa na tungamo, yaani wingi wa maada, linalokaribia la Dunia.

Kadiri vipimo vilivyoboreka, ndivyo Pluto ilivyozidi kunywea. Mwaka 1978 James Christy aligundua mwezi wake, Charon, na mwendo wa mwezi huo ukawawezesha wataalamu kuipima Pluto kwa uhakika. Tungamo lake likaonekana kuwa chini ya sehemu moja ya 400 ya lile la Dunia. Kipenyo chake ni kilomita 2,377, wakati Mwezi wetu una kilomita 3,474. Njia yake nayo ni ya ajabu: imeinama kwa nyuzi 17 ikilinganishwa na njia ya Dunia, na imerefuka kiasi kwamba kati ya mwaka 1979 na 1999 Pluto ilikuwa karibu na Jua kuliko Neptuni.

Pigo kubwa lilikuja mwaka 1992, pale David Jewitt na Jane Luu, wakitumia darubini iliyoko Hawaii, walipogundua gimba la barafu ng'ambo ya Neptuni. Baada ya hapo yaligunduliwa mengine kwa mamia. Eneo hilo, linaloitwa Ukanda wa Kuiper, likadhihirika kuwa na umati wa magimba ambamo Pluto ni mmojawapo, kama Ceres ilivyokuwa miongoni mwa asteroidi.

Mwaka 2005 Mike Brown na wenzake wawili walitangaza gimba lililodhaniwa kuwa kubwa kuliko Pluto. Vipimo vya baadaye vilionyesha kuwa kipenyo chake ni pungufu kidogo, kilomita 2,326, ingawa tungamo lake linaizidi Pluto kwa asilimia 27. Hapo wanaastronomia wakawa njia panda: ama gimba hilo liwe sayari ya kumi, na mengine yafuate, ama Pluto ishuke. Gimba hilo baadaye lilipewa jina la Eris, mungu wa ugomvi katika visasili vya Kiyunani.

Kilichoamuliwa Prague

Kamati ya watu saba iliyoongozwa na Owen Gingerich, mtaalamu wa historia ya astronomia, iliwasilisha rasimu Agosti 16, mwaka 2006. Ilitaka kila gimba lenye umbo la mviringo linalozunguka nyota liitwe sayari, mradi lenyewe si nyota wala si mwezi. Kwa kipimo hicho sayari zingekuwa 12 papo hapo, zikiwamo Ceres, Charon na gimba la Brown, na mlango ungebaki wazi kwa nyingine nyingi.

Rasimu hiyo ilipingwa vikali. Wanaastronomia waliochunguza mienendo ya sayari, wakiwamo Julio Fernández na Gonzalo Tancredi wa Uruguay, walitaka liongezwe sharti la gimba kutawala eneo lake. Baada ya siku kadhaa za mabishano, azimio lililopita lilieleza kwamba sayari, katika mfumo wetu wa Jua, ni gimba ambalo:

Kwanza, linalizunguka Jua;

Pili, lina tungamo la kutosha kiasi kwamba nguvu yake ya uvutano imelifinyanga likawa karibu mviringo;

Tatu, limesafisha eneo linaloizunguka njia yake.

Gimba lenye sifa mbili za kwanza lakini likakosa ya tatu, na ambalo si mwezi, huitwa sayari kibete. Azimio la kuihesabu Pluto kuwa mfano wa kundi hilo lilipita kwa kura 237 dhidi ya 157, huku 17 wakijizuia kupiga kura. Kwa sasa Umoja huo unatambua sayari kibete tano: Ceres, Pluto, Haumea, Makemake na Eris.

Kila sharti na kasoro yake

Ukiyachunguza masharti hayo moja moja, utaona kwa nini ugomvi haukwisha.

Sharti la kwanza linahusu Jua letu pekee. Sayari za kwanza kuthibitishwa nje ya mfumo wetu zilitangazwa mwaka 1992, zikizunguka mabaki ya nyota iliyokufa. Mwaka 1995 Michel Mayor na Didier Queloz walitangaza sayari inayozunguka nyota inayofanana na Jua, kazi iliyowapa Tuzo ya Nobel mwaka 2019. Mnamo Septemba 2025, Shirika la Anga la Marekani (NASA) lilitangaza kwamba sayari za namna hiyo zilizothibitishwa zimefikia 6,000.

Baadhi yake zina majina ya kwetu. Katika shindano la kimataifa la mwaka 2019, Tanzania iliipa nyota moja jina la Mpingo, na sayari yake ikaitwa Tanzanite. Kenya nayo ikachagua maneno ya Kijaluo: nyota ikaitwa Kalausi, yaani kisulisuli, na sayari yake Buru, yaani vumbi. Baadaye sayari nyingine, ambayo ukubwa wake ni kati ya Dunia na Neptuni, ilipewa jina la Kimaasai, Enaiposha, kwa pendekezo la kundi kutoka Kenya. Azimio la Prague haligusi hata moja kati ya hizo. Huhesabiwa kuwa sayari kwa mwongozo mwingine wa muda, ulioandikwa na jopo la Umoja huo huo mwaka 2003 na kurekebishwa mwaka 2018.

Sharti la pili, la umbo la mviringo, linaonekana jepesi hadi mtu atakapotaka kulipima. Mimas, mwezi mmojawapo wa Zohali, una kipenyo kisichofika kilomita 400, nao ni mviringo kwa kuwa umejaa barafu iliyo laini kufinyangika. Vesta, yenye zaidi ya kilomita 500, ni ya mwamba na haijakamilika mviringo. Hata Utaridi, inapopimwa kwa makini, haina umbo ambalo fizikia ingelitarajia kwa gimba linalojizungusha kwa kasi yake ya leo. Aidha, magimba mengi ya ng'ambo ya Neptuni huonekana kama nukta hafifu, kwa hiyo hakuna awezaye kuapa yana umbo gani.

Sharti la tatu ndilo lililozua maneno mengi zaidi. Alan Stern, aliyeongoza msafara wa chombo cha New Horizons kwenda Pluto, amedai kwamba hakuna sayari iliyosafisha njia yake kikamilifu. Dunia hukatizwa na asteroidi nyingi, na Mshtarii huandamana na maelfu ya asteroidi katika njia yake. Wakosoaji huongeza kwamba sharti hili linategemea mahali: gimba lile lile laweza kufuzu likiwa karibu na Jua na kushindwa likiwa mbali, ambako eneo la kusafisha ni kubwa na mwendo ni wa polepole.

Watetezi wa sharti hilo hujibu kwa hesabu. Steven Soter alionyesha mwaka 2006 kwamba tungamo la Dunia ni takriban mara milioni 1.7 ya jumla ya tungamo la vitu vingine vyote vilivyomo katika eneo la njia yake. Tungamo la Pluto halifikii hata sehemu moja ya kumi ya vilivyo katika eneo lake. Katika orodha ya Soter, sayari nane zimejitenga upande mmoja, na Ceres, Pluto na Eris zimebaki upande mwingine, huku pengo kati ya makundi hayo likiwa kubwa mno. Wanaolitetea azimio wanasema pengo hilo ni la maumbile yenyewe, na wanaastronomia wamelipa jina tu.

Lipo pia suala la lugha. Kwa mujibu wa azimio, sayari kibete si sayari. Msemaji wa kawaida atauliza: kwani mbuzi kibete si mbuzi? Jua letu lenyewe limo katika kundi ambalo wanaastronomia huliita nyota vibete, na hakuna aliyelinyima unyota.

Mwendo au umbile?

Chini ya mabishano haya kuna makundi mawili ya wataalamu yanayouliza maswali mawili tofauti. Kundi la kwanza huchunguza mienendo: namna magimba yanavyovutana, kusukumana na kupangana kulizunguka Jua. Kwa hao, tofauti kati ya gimba linalotawala eneo lake na linalotawaliwa ni ya msingi.

Kundi la pili ni la wanajiolojia wa sayari, ambao hujali gimba lenyewe limekuwaje. Hawa hutaka kujua kama lina milima, angahewa, volkano au bahari chini ya barafu. Julai 14, mwaka 2015, New Horizons ilipita karibu na Pluto na kuonyesha milima ya barafu ya maji, uwanda mpana wa naitrojeni iliyoganda, na ukungu wa buluu angani. Kwa mwanajiolojia, hiyo ni sayari hai zaidi kuliko Utaridi.

Mwaka 2017 baadhi yao walipendekeza kwamba gimba lolote la mviringo ambalo si nyota liitwe sayari, hata kama linazunguka sayari nyingine. Kwa kipimo hicho sayari zingezidi 100, na Mwezi wetu ungerudi katika orodha ulimotolewa baada ya Copernicus. Ganymede, mwezi wa Mshtarii, na Titan, mwezi wa Zohali, ingehesabiwa pia; yote miwili ina vipenyo vikubwa kuliko cha Utaridi.

Mpaka wa juu nao una utata. Magimba yenye tungamo la zaidi ya mara 13 ya lile la Mshtarii huweza kuunguza deteri, aina nzito ya haidrojeni, katika kiini chake. Hayo huitwa vibete kahawia, nayo husimama kati ya sayari na nyota. Lakini yapo yaliyozaliwa kwa kuporomoka kwa wingu la gesi, kama nyota zinavyozaliwa, yakiwa na tungamo dogo kuliko hilo. Na yapo yanayoelea angani bila kuzunguka nyota yoyote. Wanaastronomia hawajakubaliana waamue kwa tungamo au kwa asili.

Jitihada mpya

Agosti mwaka 2024 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulifanya mkutano wake mkuu mjini Cape Town, Afrika Kusini, kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika. Hapo Jean-Luc Margot na wenzake waliwasilisha pendekezo la kutumia namba badala ya maelezo. Gimba liwe sayari iwapo linazunguka nyota, kibete kahawia au mabaki ya nyota, na iwapo tungamo lake linazidi kilo 1 yenye sifuri 23 mbele yake, bila kuvuka mara 13 ya tungamo la Mshtarii. Pendekezo hilo lingezijumuisha sayari za nje kama Tanzanite, lingeondoa utata wa umbo, na lingeziacha sayari zetu nane mahali pake. Halikupigiwa kura, na tafsiri ya mwaka 2006 ndiyo inayoendelea kutumika.

Yapo pia maamuzi yasiyo ya kisayansi. Wawakilishi wa jimbo la New Mexico, alikoishi Tombaugh, walitamka mwaka 2007 kwamba Pluto ni sayari, na mwaka 2024 Arizona iliitangaza kuwa sayari rasmi ya jimbo hilo. Matamko hayo hayabadilishi lolote katika maabara, lakini yanaonyesha jinsi umma unavyoona uchungu pale kundi dogo la wataalamu linapobadilisha jambo ambalo watu wote walifundishwa kuwa ukweli.

Ubishi huu hauifanyi sayansi kuwa kubahatisha. Kipenyo cha Pluto, tungamo lake na miaka 248 inayotumia kulizunguka Jua havikutegemea kura ya mtu. Kilichopigiwa kura ni mahali pa kuchora mstari, na mstari wa namna hiyo ni mgumu katika mambo mengi. Hakuna ajuaye kwa hakika kilima kinakoma wapi na mlima unaanzia wapi, ingawa hakuna anayeuita Mlima Kilimanjaro kilima.

Kwa mwalimu au mzazi atakayeulizwa na mtoto, jibu linalokubalika kimataifa ni kwamba sayari zinazolizunguka Jua ni nane: Utaridi, ambayo vitabu vingine huiita Zebaki, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Zohali, Uranusi na Neptuni. Pluto ni sayari kibete. Kama mtoto atauliza kwa nini kitabu cha baba yake kinataja tisa, aelezwe kisa cha Ceres na cha Ukanda wa Kuiper. Atakuwa amejifunza mengi kuliko yule aliyekariri orodha, na hatashangaa orodha hiyo ikibadilika tena.